Bodiam, Leeds au Caerphilly: ngome ipi ya handaki la maji ikufae?

Mtu akiwa Uingereza na ana siku moja tu ya kwenda kutazama ngome ya kale iliyozungukwa na maji, majina matatu hutajwa kabla ya mengine: Bodiam ya East Sussex, Leeds Castle ya Kent, na Caerphilly ya kusini mwa Wales. Kwenye picha zinafanana: mawe, minara, maji, bata. Ukizikaribia unakuta kila moja ina sababu yake ya kuwepo. Caerphilly ilijengwa na mtu aliyekuwa na adui wa kweli milimani. Leeds ilikuzwa na mfalme na malkia wake, kisha ikabomoka na kujengwa upya mara nyingi, hata sehemu kubwa ya unachokiona leo ni kazi ya karne ya 19 na ya 20. Bodiam ilijengwa kwa mkupuo mmoja na askari aliyerudi na utajiri kutoka vita vya Ufaransa, na hadi leo wanahistoria hawajamaliza kubishana kama alitaka kujilinda au alitaka kuonekana.

Ninazilinganisha kwa ajili ya mtu anayejali jengo lenyewe: nani alilijenga, kwa nini alilijenga vile, na cha asili kilichobaki ni kipi. Bustani na mambo ya watoto nitayagusa kwa haraka tu, ingawa najua kwa familia nyingi ndiyo yanayoamua safari.

Maji yanashikwa na nini?

Ukifika, minara iache kwanza. Tazama maji, kisha tafuta kinachoyazuia yasiondoke. Hapo ndipo utakapojua mjenzi alikuwa anawaza nini.

Zama hizo, njia mojawapo kali ya kuangusha ukuta wa mawe ilikuwa kuchimba chini yake. Wachimbaji wanaingia ardhini, wanaushikilia msingi kwa nguzo za mbao, wanajaza kuni, wanawasha moto. Nguzo zikiungua, ukuta unashuka wenyewe. Mfalme John alifanya hivyo Rochester mwaka 1215, akitumia mafuta ya nguruwe 40 kuukoleza moto, na pembe moja ya mnara mkuu ikaporomoka. Maji yanaikata mbinu hiyo papo hapo, kwa sababu shimo linafurika kabla halijafika popote. Tena yanawaweka mbali watu wenye ngazi, na mitambo ya kurushia mawe inabaki ng'ambo.

Caerphilly ndiyo iliyolifikisha wazo hilo mwisho wake. Mjenzi wake, Gilbert de Clare, bwana wa Gloucester na wa Glamorgan, aliyeitwa Gilbert Mwekundu kwa ajili ya nywele zake, alianza kazi mwaka 1268. Miaka miwili kabla, mabaki ya waasi wa Simon de Montfort, bwana aliyeongoza uasi dhidi ya mfalme, walikuwa wamejifungia Kenilworth, ngome iliyozungukwa na ziwa la kutengenezwa. Jeshi zima la mfalme liliizingira kuanzia Juni hadi Desemba 1266 na halikuivunja. Waliomo ndani walitolewa na njaa na maradhi. Kila bwana mwenye macho alijifunza kitu pale, na Gilbert akiwemo.

Akachagua bonde lenye kijito, akalifunga. Upande wa mashariki, unakoingilia hata leo, kile unachodhani ni ukuta mrefu wa mbele ndicho bwawa lenyewe: kizuizi cha maji kilichogeuzwa kuwa ngome, chenye lango kuu, minara, na kinu cha kusagia nafaka. Nyuma yake maji yametanda kusini na kaskazini, na katikati kuna kisiwa chenye ngome ya ndani. Adui akitaka kuyafungulia maji, lazima kwanza aiteke ngome ya bwawa. Na akiiteka, bado hajafika kokote, kwani yuko ng'ambo ya maji akitazamwa na kuta mbili, moja ndani ya nyingine, ule wa nje mfupi makusudi ili wapiga mishale wa ndani warushe juu ya vichwa vya wenzao. Mpango huu wa kuta mbili haukuwahi kujengwa tangu msingi mahali popote Uingereza kabla ya hapo. Eneo lote linachukua takriban ekari 30. Ni ngome kubwa kuliko zote za Wales, na kwa Uingereza nzima hutajwa ya pili baada ya Windsor.

Leeds nayo ilipata maji yake kwa kuzuiwa mto, mto Len, hata visiwa viwili vikabaki katikati ya ziwa. Kwenye njia ya kuingilia kulikuwa na lango la mbele la sehemu tatu, pamoja na kinu chenye kuta za kivita. Magofu ya kinu hicho yapo bado, na wageni wengi huyapita bila kuyaangalia kwa vile macho yao yameshakimbilia kasri. Wasimame. Pale ndipo ulinzi wa Leeds ulipokuwa.

Bodiam ndiyo yenye handaki zuri kuliko zote, pana, karibu mstatili, linaloirudisha sura ya ngome nzima asubuhi isiyo na upepo. Linalishwa na chemchemi. Lakini kina chake ni kama mita moja na nusu tu kwa wastani, na upande wa bonde la mto Rother maji yanashikwa na tuta la udongo lisilo na ukuta wala mnara wa kulilinda. Watu wachache wenye majembe wangeweza kulitoboa, maji yakashuka zake mtoni. Linganisha na Caerphilly, na tayari umeshaona tofauti ya nia.

Msomaji aliyepita Fort Jesus pale Mombasa ataikumbuka handaki yake iliyochongwa kwenye mwamba wa matumbawe, na huenda akajiuliza mbona ile ni kavu. Ile ni ya zama nyingine. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, mizinga ikiwa ndiyo silaha kuu, na kuta zake nene zenye pembe zilizochomoza ziliwekwa kwa ajili ya mizinga. Hizi za Uingereza ni za zama za upinde na mtambo wa mawe, ndiyo maana minara yake ni mirefu na ya mviringo.

Zilipojaribiwa

Hapa ndipo historia za ngome mbili kati ya hizi zinapofungamana, na kwa mwanamke mmoja: Malkia Isabella, mke wa Edward II.

Oktoba 1321 Isabella alifika Leeds akaomba malazi. Bwana wa ngome, Bartholomew Badlesmere, hakuwepo. Mkewe Margaret akamkatalia malkia wa nchi kuingia, na wapiga mishale wa ndani wakaua baadhi ya watu wa msafara wake. Mfalme akaleta jeshi na mitambo ya kuzingira. Kabla mwezi haujaisha ngome ikasalimu amri, baadhi ya walinzi wakanyongwa, Margaret akapelekwa kufungwa Mnara wa London, na mumewe akauawa mwaka uliofuata. Kwa hiyo ziwa la Leeds lilijaribiwa na halikuhimili hata mwezi. Kwa haki, ngome ile ilikuwa na walinzi wachache na hakuna aliyekuja kuwaokoa. Maji hayana msaada kwa mtu asiye na rafiki nje.

Margaret huyo alizaliwa de Clare, binti wa Thomas, ndugu yake Gilbert aliyejenga Caerphilly.

Miaka mitano baadaye mambo yaligeuka. Isabella, sasa adui wa mumewe, alirudi kutoka Ulaya na jeshi, na Edward II akakimbilia magharibi pamoja na kipenzi chake Hugh Despenser, ambaye Caerphilly ilikuwa mikononi mwake kwa njia ya mke. Mfalme akapumzika Caerphilly, akaondoka, na Novemba 1326 akakamatwa. Lakini ngome haikufunguka. Walinzi wake, wakiwa na mtoto wa Despenser ndani na hazina kubwa ya mfalme, waliendelea kukataa hadi Machi 1327, mfalme wao akiwa ameshavuliwa taji. Hatimaye walitoka kwa kusamehewa. Kupigwa hawakupigwa.

Na haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1270, ujenzi ukiwa bado mbichi, Llywelyn ap Gruffudd, mkuu wa Wales, aliivamia na kuichoma. Huyo ndiye adui aliyekusudiwa, na alikuja kabla chokaa haijakauka. Kazi ikaanza upya 1271. Mwaka 1316 Llywelyn Bren akaishambulia, akaunguza sehemu za nje na mji, ya ndani ikamshinda. Jambo la kusikitisha kwa Gilbert ni kwamba Llywelyn ap Gruffudd aliuawa mwaka 1282 na Wales ikaanguka mikononi mwa Edward I. Ngome ya gharama ile ikapoteza sababu yake katika muda usiofika miaka 15.

Bodiam haina masimulizi ya aina hii. Mwaka 1483 Richard III aliamuru izingirwe kwa sababu mwenyewe, Thomas Lewknor, alikuwa upande wa wapinzani, na inaelekea ilikabidhiwa bila vita vya kutajwa.

Bodiam, nyumba inayosomeka

Basi kwa nini mtu aende Bodiam? Kwa sababu ndiyo pekee kati ya hizi tatu unayoweza kuisoma tangu mwanzo hadi mwisho kama wazo la mtu mmoja.

Mtu huyo ni Sir Edward Dalyngrigge. Alipigana Ufaransa katika Vita vya Miaka Mia, akapata mali, akamwoa Elizabeth Wardeux, na kwa ndoa hiyo akapata ardhi ya Bodiam. Oktoba 1385 Richard II alimpa kibali cha kuijengea nyumba yake kuta za mawe na chokaa zenye meno juu, kwa ajili ya kuilinda nchi dhidi ya maadui. Hofu haikuwa ya kubuni: Wafaransa walikuwa wameuchoma mji wa Rye mwaka 1377, na Winchelsea ukafuata 1380. Ila Dalyngrigge hakuzungushia ukuta nyumba ya zamani kama kibali kilivyosema. Alijenga mpya, mahali papya.

Umbo lake ni mraba uliokaribia kamili: minara minne ya mviringo pembeni, minara ya mraba katikati ya pande, lango kuu kaskazini, ua katikati, na vyumba vyote vimeegemea kuta. Mnara mkuu wa kujihifadhia haupo. Ngome yote ni nyumba moja. Kwenye lango kuu tazama juu: matundu kwenye dari ya kumwagia adui vitu, na lango la mbao la kushushwa kutoka juu, la asili kabisa, linaning'inia hadi leo. Ukutani yapo matundu yenye umbo la tundu la ufunguo, ya bunduki kubwa za mwanzo. Mashaka yanaanzia hapohapo, kwani matundu hayo ni machache na baadhi yanaelekea mahali ambapo hayangemsumbua mtu, huku meno ya ukuta yakiwa madogo na madirisha makubwa.

Njia ya asili ya kuingia haikuwa hii ya moja kwa moja unayoipita leo. Mgeni alitokea magharibi kwa daraja refu la mbao hadi kisiwa kidogo chenye pembe nane, akageuka kulia kwake, kisha akapita lango la mbele na madaraja mengine ya kuinuliwa kabla ya kufika mlangoni. Wenye kuamini vita husema alikuwa anaanikwa ubavu kwa wapiga mishale. Wenye kuamini fahari husema alikuwa anazungushwa ili aione ngome yote na sura yake majini. Nadhani Dalyngrigge angewajibu wote wawili ndiyo. Mtu aliyeishi kwa vita anajua kwamba adui akikutazama mara moja na kuamua kwenda kwingine, kuta zimeshafanya kazi yake.

Ndani kumebaki gofu, lakini gofu linalosema. Katika upande wa kusini mwa ua yapo matao matatu ya mawe yamesimama pamoja: moja la chumba cha vinywaji, moja la chumba cha mikate, na la katikati la njia ya kwenda jikoni. Upande mmoja wa ukuta huo ni ukumbi wa bwana, upande wa pili ni jiko lenye mekoni makubwa, na kisima kiko kwenye mnara wa karibu yake, juu ya mnara huohuo kukiwa na vishimo vya kufugia njiwa wa kuliwa. Hesabu meko za kuotea moto na vyoo: meko 33, vyoo 28. Kwa nyumba ya karne ya 14 hiyo ni anasa. Vyoo vyote vilimwaga moja kwa moja kwenye handaki, jambo la kulikumbuka unapopiga picha maji hayo.

Ilibomolewa ndani baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka ya 1640, ikaota mizizi ya miti, na mwaka 1829 John Fuller akainunua ili isiuzwe kwa vifaa vya ujenzi. Lord Curzon, aliyewahi kuitawala India, aliinunua baadaye, akalikausha handaki na kulichimbua, akairekebisha, na alipofariki 1925 akaiacha kwa National Trust, shirika la kuhifadhi majengo ya kale.

Leeds kwa ufupi, na kwa tahadhari

Leeds ina umri mkubwa kuliko wenzake. Robert de Crevecoeur alianza ngome ya mawe hapo mwaka 1119. Mwaka 1278 ikaangukia kwa Eleanor wa Castile, malkia wa Edward I, na ndipo ilipopata jengo lake la kifalme kwenye kisiwa kidogo, liitwalo Gloriette, linaloinuka moja kwa moja kutoka majini. Baada ya Eleanor ikawa desturi kupewa malkia. Henry VIII aliifanyia ukarabati kwa ajili ya Catherine wa Aragon.

Tahadhari ni hii. Lile jumba kubwa linaloonekana kwenye kila kalenda, lenye meno juu na madirisha ya kizamani, lilijengwa katika miaka ya 1820 na Fiennes Wykeham Martin kwa mtindo wa Tudor, yaani wa kuiga karne ya 16. Gloriette nayo iliunguzwa katika karne ya 17 ilipotumika kuwafungia mateka wa vita, ikakaa gofu kwa muda mrefu. Ndani, mapambo ni ya Olive Baillie, tajiri mwenye asili ya Marekani upande wa mama, aliyeinunua 1926 na kuwaleta wabunifu wa Ufaransa. Ukienda ukidhani unatembea kwenye vyumba vya Enzi za Kati, utadanganyika na hakuna aliyekudanganya.

Lakini ndiyo pekee kati ya hizi yenye zulia na vitanda, na iliendelea kutumika: Julai 1978 mawaziri wa mambo ya nje wa Misri, Israel na Marekani walikutana humo, wiki chache kabla ya mkutano wa amani wa Camp David. Kwa mtu anayetaka kuona jinsi ngome inavyogeuka kasri, kasri likageuka nyumba ya tajiri, nyumba ikageuka mali ya umma, hakuna mahali pazuri kuliko hapa.

Uchague ipi?

Ukinishika shati nikupe jina moja, nasema Caerphilly. Ndiyo isiyo na urembo mwingi na ndiyo inayoeleweka zaidi kwa miguu: tembea juu ya bwawa, vuka, zunguka, na hoja yote ya maji unaielewa bila kusoma kibao. Ujue tu kwamba na yenyewe imerekebishwa sana. Familia ya Bute, iliyokuwa ikiimiliki, iliijenga upya sehemu nyingi katika miaka ya 1928 hadi 1939, na maji yalirudishwa baadaye katikati ya karne ya 20. Ukumbi mkubwa ni wa Hugh Despenser, aliyewaajiri fundi mwashi Thomas wa Battle na seremala William Hurley. Mnara wa kusini mashariki umeinama takriban digrii 10, kuliko ule wa Pisa, na watoto watautaka huo kuliko yote.

Mpiga picha aende Bodiam, asubuhi mapema. Mwanafunzi wa ujenzi pia aende Bodiam, ila awe na mpango wa jengo mkononi, vinginevyo ataona kuta tupu. Mwenye wazee au watoto wadogo, na siku ya mvua, achague Leeds. Ina mahali pa kujificha, ina bustani, ina fumbo la vichochoro vya miti, na ndiyo ghali zaidi kati ya tatu. Mwanachama wa National Trust haingii kwa kulipa Bodiam, na Caerphilly iko chini ya Cadw, idara ya urithi ya Wales.

Kuhusu njia: Caerphilly ni rahisi kuliko zote, treni kutoka Cardiff kama dakika 20, kisha unatembea. Bodiam haina kituo cha treni ya kawaida karibu. Shuka Robertsbridge utafute teksi, au kwa siku zinapofanya kazi panda treni ya moshi kutoka Tenterden, inayoishia pale Bodiam. Leeds Castle iko karibu na Maidstone, na kituo cha kushukia ni Bearsted. Ukikata tiketi mtandaoni andika Bearsted, usiandike Leeds. Mji wa Leeds uko Yorkshire, kaskazini kabisa, saa mbili na zaidi kwa treni kutoka London, na hauna uhusiano wowote na ngome hii.